Betri mbadala za kamera: jinsi ya kuzichagua, kuzipima na kuzitumia bila kuhatarisha kamera wala nyumba

Mwezi wa Shaabani, harusi zinapofuatana kila mwisho wa wiki kabla ya Ramadhani kuingia, betri ilivimba ndani ya kamera yangu. Nilikuwa upande wa wanawake, bibi harusi ameshapanda jukwaani, kamera ikazima ghafla huku alama ya chaji ikionyesha nusu. Nikafungua kifuniko ili niweke betri nyingine. Ile ya kwanza haikutoka. Nikaivuta kwa kucha, nikaigongagonga kamera kiganjani, haikusogea. Kazi niliimaliza kwa kamera ya msaidizi wangu, na kesho yake fundi alilazimika kufungua mwili wa kamera skrubu moja moja ili aitoe.

Betri ile ilikuwa na jina la kampuni iliyotengeneza kamera yenyewe, boksi zuri na stika inayong'aa. Niliinunua chini ya nusu ya bei nikajiona nimebahatika. Jina lilikuwa la kubandika tu.

Wapiga picha wenzangu wakisikia kisa hiki hudhani niliachana kabisa na betri za bei nafuu. Hapana. Hivi sasa nina nne begini, zote za kampuni ambazo hazijawahi kutengeneza kamera, na ninazitumia kwenye kazi za watu. Nisichokubali tena ni betri inayodanganya: inayodanganya jina, au inayodanganya namba. Mwongozo huu unahusu namna ya kuikamata betri ya aina hiyo kabla haijafika ukumbini, na namna ya kuishi salama na hizo nyingine.

Kwanza tutenganishe makundi matatu

Dukani utasikia maneno mawili tu, "orijino" na "ya kichina". Maneno hayo hayasaidii, kwa sababu hata betri nyingi zenye majina makubwa hutengenezwa China. Mimi hutenganisha hivi.

Orijino ni ile inayouzwa na kampuni ya kamera yako: Canon, Nikon, Sony, Fujifilm na wenzao. Mbadala ni ya kampuni nyingine inayoweka jina lake yenyewe hadharani, mfano Hähnel ya Ireland, Jupio ya Uholanzi, Patona ya Ujerumani, au SmallRig na Neewer za China. Kampuni hizi zina kitu cha kupoteza. Betri yao ikiharibika, unajua wa kumlaumu. Feki ni ile iliyovaa jina la mwingine. Aliyeitengeneza amejificha, na mtu aliyejificha hana sababu ya kutumia hela kwenye kinga za ndani ambazo huzioni.

Kwa hiyo swali la "je, betri za bei nafuu ni salama" lina majibu mawili. Mbadala yenye jina lake, ukiipima na kuichaji vizuri, ni salama kwa kazi nyingi. Feki si salama hata siku moja, hata ikiwa imekutumikia miezi sita bila kulalamika. Yangu ilinitumikia mitano.

Ndani ya ganda kuna nini

Inafaa kujua hili, maana hatua zote zinazofuata zinatoka hapa.

Betri ya kamera ni ya lithiamu. Sony ndiyo iliyoziingiza sokoni mwaka 1991, tena zikianzia kwenye kamera za video. Kila seli moja ina volti 3.6 au 3.7 za kawaida, na ikijaa hufika 4.2. Betri nyingi za kamera kubwa zina seli mbili zilizounganishwa kwa mfuatano, ndiyo maana utaona zimeandikwa volti 7.2 au zinazokaribiana na hizo, na zikijaa zinafika 8.4.

Ndani ya seli, upande wa chanya na upande wa hasi vimetenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, na vyote vimeloweshwa kimiminika kinachoshika moto upesi. Utando ukitoboka, au seli ikijazwa kupita 4.2, au ikipata joto kali, pande mbili hukutana kwa ndani. Hapo seli hujichemsha yenyewe: joto linazaa joto zaidi, gesi inajaa, ganda linavimba, na ikizidi hupasuka kwa moshi na moto. Kuvimba ni hatua ya mapema ya njia hiyohiyo, hata kama betri nyingi zilizovimba hazifiki kwenye moto.

Kinachozuia yote haya ni kibao kidogo cha saketi, upana wake kama kucha ya kidole gumba. Kinakata umeme betri ikijaa kupita kiasi, ikiisha kupita kiasi, au ikipigwa shoti. Tena kuna sensa ndogo ya joto inayozungumza na chaja kupitia kile chuma cha tatu, ambacho mara nyingi utakiona kimeandikwa T. Chaja nzuri ikisikia joto limezidi, inasimama.

Mtengenezaji wa feki anaokoa hela hapohapo. Anaweka seli za daraja la chini au zilizotolewa kwenye vifaa vya zamani, anaweka saketi ya bei ya chini kabisa, na chuma cha T anakiwekea kipingamizi cha kawaida kinachoiambia chaja muda wote kwamba joto ni la kawaida. Chaja inadanganywa. Betri inachemka na hakuna anayejua.

Niseme pia ukweli wa upande wa pili: orijino nazo hukosea. Mwaka 2006 mamilioni ya betri za kompyuta zenye seli za Sony zilirudishwa kwa sababu ya chembe za chuma zilizoingia kiwandani. Mwaka 2012 Nikon iliita sokoni baadhi ya betri zake za EN-EL15 zilizoweza kupata shoti ndani na kuharibika umbo. Tofauti ni kwamba palikuwa na namba za toleo, palikuwa na tangazo, na mwenye betri alibadilishiwa bure. Kwa feki hakuna wa kukutangazia.

Hatua ya 1: jua namba za betri yako kabla ya kwenda dukani

Toa betri orijino uliyokuja nayo kwenye kamera, geuza nyuma, andika vitu vitatu: jina la modeli, volti, na mAh, yaani kiasi cha chaji ambacho betri inabeba. Ikiwa imeandikwa Wh, yaani jumla ya nishati yake, andika pia. Mfano, Canon LP-E6NH ni mAh 2,130, Nikon EN-EL15c ni mAh 2,280, na Sony NP-FZ100 ni mAh 2,280 pia. Halafu ipime kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali. Hizo tatu zote zina uzito wa gramu 80 hivi. Andika uzito wako kamili. Utauhitaji.

Soma pia kitabu cha kamera uone kama kuna kazi zinazotegemea betri ya aina fulani. EOS R6 ya Canon, kwa mfano, haifikishi kasi yake kamili ya picha 12 kwa sekunde kwa shata ya kawaida ukiweka betri ya kizazi cha nyuma cha LP-E6. Na EOS R5 Mark II ya mwaka 2024 ilikuja na betri mpya ya LP-E6P, na ukitumia za zamani baadhi ya mambo yanafungwa. Hapo tatizo si usalama, ila ukiwa hujui utamlaumu muuzaji bure.

Hatua ya 2: ukiwa dukani, fanya hesabu

Hapa ndipo nataka utulie, maana dakika tano za Kariakoo au Luthuli Avenue zinaokoa mengi.

Hesabu ya kwanza ni ya lebo yenyewe. Chukua mAh, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa volti. Jibu ni Wh. Kwa NP-FZ100: 2.28 mara 7.2 ni 16.4, na ndivyo ilivyoandikwa. Sasa umepewa betri iliyoandikwa volti 7.2, mAh 2,600, halafu Wh 16.4. Ukizidisha unapata 18.7. Aliyechapa lebo alibadilisha namba moja akasahau nyingine. Rudisha kwa adabu, toka.

Hesabu ya pili ni ya kiasi kinachowezekana. Ganda la betri halikui. Orijino ikiwa na mAh 2,280 na mbadala ya umbo lilelile ikajitangazia 3,500, jiulize nafasi hiyo imetoka wapi. Mbadala zinazojiheshimu huandika namba inayokaribiana na orijino, juu kidogo au chini kidogo. Mfano mzuri zaidi ni zile betri kubwa za NP-F970 tunazotumia kwenye taa za LED na kioo cha video. Ndani zina seli sita za duara, zile za milimita 18 kwa 65, zikiwa jozi tatu. Seli bora kabisa za ukubwa huo zinabeba mAh 3,500 hivi, kwa hiyo betri nzima haiwezi kuzidi 10,500, na hizo zingekuwa za bei ghali. Ukiona imeandikwa 12,000 kwa bei ya kutupwa, umeshajua.

Hesabu ya tatu ni uzito. Seli ni nzito, plastiki ni nyepesi. Mimi hubeba mizani ndogo ya kupimia viungo. Betri inayojitangazia uwezo mkubwa kuliko orijino lakini ina gramu 62 badala ya 80, ndani yake kuna seli ndogo. Nimewahi kutikisa moja nikasikia kitu kinagongana ndani.

Halafu bei. Marekani NP-FZ100 orijino huuzwa karibu dola 80, na mbadala zenye majina dola 20 hadi 30. Kwetu ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Kwa hiyo ukiambiwa orijino kwa bei ya mbadala, hapo hakuna punguzo. Hiyo ni feki. Mbadala ikiuzwa kwa bei ya mbadala, hayo ndiyo mambo ya kawaida.

Kuna mazungumzo niliyoyasikia mara nyingi hadi nayajua kwa moyo:

"Dada, hii orijino kabisa, ina mpaka hologramu."

"Sawa kaka. Utaniandikia risiti ya EFD, uandike modeli na neno orijino?"

Akikubali bila kusita, endelea kuikagua. Akianza kusema mashine ina shida leo, mwambie utarudi ikipona. Risiti ndiyo itakayokusaidia ukitaka kurudishiwa hela, na ukihitaji kulalamika kwenye Tume ya Ushindani kwa Tanzania, au mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia kwa Kenya, bila karatasi huna neno. Hologramu peke yake haithibitishi kitu. Wanaochapa lebo wanachapa na hologramu.

Angalia pia maandishi kwa makini. Herufi zilizofifia, nafasi zisizolingana, Kiingereza kilichokosewa, ganda ambalo maungio yake yanapitisha kucha. Ingiza betri kwenye kamera hapohapo: iingie bila kulazimishwa, itoke yenyewe ukisukuma kishikizo. Inayoingia kwa kubana leo itakwama kesho ikipata joto.

Alama ya CE, ile ya viwango vya Ulaya, usiichukulie kama muhuri wa mkaguzi, maana kwa bidhaa nyingi mtengenezaji huiweka mwenyewe. Kinachonipa moyo zaidi ni muuzaji au kampuni inayoweza kuonyesha muhtasari wa majaribio ya UN 38.3. Hayo ni majaribio ya usafirishaji ya Umoja wa Mataifa: betri inatikiswa, inapashwa na kupozwa, inapigwa shoti, inachajiwa kupita kiasi. Tangu Januari 2020 watengenezaji wanatakiwa kuwa na muhtasari huo. Kampuni yenye jina huuweka kwenye tovuti yake. Mwenye meza ya barabarani hana, na simlaumu, ila kwake nanunua kava na kamba ya kamera tu.

Hatua ya 3: wiki moja ya majaribio nyumbani

Betri mpya haiendi kazini siku iliyonunuliwa. Ninaipa wiki.

Siku ya kwanza ichaji mchana, ukiwa macho, juu ya sakafu ya vigae au sinia la chuma. Kila baada ya dakika 20 iguse. Vuguvugu ni sawa. Ikifika hali ya kukufanya uondoe kidole, ichomoe na usiichaji tena. Angalia saa pia: betri ya mAh 2,000 kwenye chaja inayotoa ampea moja itachukua kama saa mbili na nusu. Ikisema imejaa baada ya saa moja, haina huo uwezo iliojiandikia.

Ikishajaa, kama una mita ya fundi, pima volti kati ya chanya na hasi. Ya seli mbili inatakiwa iwe kati ya 8.2 na 8.4. Ikipita 8.5, chaja au saketi haikati kwa wakati, na hilo ni kosa la hatari kuliko yote. Kuwa mwangalifu ncha za mita zisigusane, maana ndiyo shoti yenyewe. Usipokuwa na mita, mpelekee fundi wa redio. Ni kazi ya dakika moja.

Siku ya pili na ya tatu ni jaribio la uwezo. Chaji orijino yako ijae. Weka kamera kwenye stendi, mwanga wa kioo katikati, Wi-Fi imezimwa, rekodi video mfululizo hadi izime. Kamera yako ikikata kila baada ya nusu saa, bonyeza tena. Andika dakika. Acha kamera ipoe, rudia kwa betri mpya, lenzi ileile na kadi ileile. Mimi huikubali mbadala ikifika asilimia 80 ya orijino. Ikifika nusu, naitumia nyumbani au nairudisha. Kama orijino yako ina miaka minne, kumbuka nayo imechoka, kwa hiyo mbadala mpya inayolingana nayo bado iko chini ya orijino mpya.

Wakati wa jaribio hilo angalia jinsi chaji inavyoshuka. Betri njema hushuka taratibu. Mbovu inakaa asilimia 60 kwa muda mrefu, halafu inaanguka hadi 15 ndani ya dakika chache, kisha kamera inazima. Hicho ndicho kilichonipata mimi ukumbini, na kama ningefanya jaribio hili ningekiona nikiwa sebuleni kwangu.

Kamera ikileta ujumbe kwamba haiwasiliani na betri, au za Canon zikiuliza kama betri ina nembo ya Canon, hiyo si lazima iwe hatari. Ina maana chipu ya ndani haikutambulika, na mbadala nyingi halali hupata ujumbe huo. Lakini betri yenye jina la kampuni ya kamera yako ikikataliwa na kamera ya kampuni hiyohiyo, kesi imekwisha.

Baada ya hapo ichaji tena ijae, iweke kabatini siku nne. Ukiirudisha kwenye kamera inatakiwa bado ionyeshe imejaa au karibu na hapo. Iliyopoteza robo ya chaji ikiwa imelala inavuja kwa ndani. Mwisho, ilaze juu ya kioo au meza iliyonyooka kabisa na uibonyeze pembeni. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, imeanza kuvimba.

Ikipita yote, ibandikie plasta yenye namba na tarehe. Zangu zina namba 1 hadi 7, na kila moja ina mstari wake kwenye daftari.

Hatua ya 4: kuchaji

Visa vingi vya moto huanzia kwenye chaji, si ndani ya kamera. Kwa hiyo kama hela yako ni ya kitu kimoja orijino, nunua chaja. Betri mbadala kwenye chaja orijino ni mpangilio ninaouamini. Betri orijino kwenye chaja ya elfu tano ni kinyume chake: umetoa kinga ukaacha jina.

Usichaji ukiwa umelala. Najua harusi inaisha saa nane usiku na kesho kuna nyingine. Bora uamke alfajiri uchaji. Usichaji kitandani, kwenye kochi, juu ya zulia, au ndani ya begi la kamera. Joto la mazingira liwe kati ya nyuzi 5 na 40. Ukitoka na betri iliyokuwa ndani ya gari lililoanikwa juani, iache ipoe nusu saa kwanza. Umeme ukikatika, chomoa chaja ukutani, maana ukirudi hurudi kwa nguvu. Kwenye jenereta ya ukumbini mimi huchaji kupitia kifaa cha kulinda umeme, kama kile cha friji.

Siku hizi kuna mbadala zenye tundu la waya wa simu kwenye betri yenyewe. Ni za msaada mkubwa safarini. Ila kila ulichosoma kuhusu kinga sasa kimewekwa ndani ya ganda dogo, chaja pamoja na betri, kwa hiyo hapo nunua yenye jina la kueleweka tu. Na usishangae kamera yako ikikataa kuchaji mbadala kwa waya ikiwa ndani ya kamera. Baadhi zimepangwa hivyo.

Betri usiyoitumia kwa wiki kadhaa iache na chaji nusu. Iliyojaa kabisa na kukaa kwenye joto la pwani inazeeka upesi, na iliyoisha kabisa ikaachwa inaweza kushuka hadi isiweze kuamka.

Nikumbushe na betri ndogo za flashi, kwa sababu nimeona flashi mbili zikiungua kwa kosa hili. Kuna seli za lithiamu zenye umbo lilelile la betri ya AA, lakini zina volti 3.7 badala ya 1.2 au 1.5. Flashi inayotegemea volti 6 ukiipa nne za namna hiyo umeipa karibu 15. Soma ubavuni kabla ya kuziingiza.

Hatua ya 5: kazini na safarini

Wakati muhimu kuliko wote weka orijino. Kwangu ni nikah na kumtoa bibi harusi. Kwako inaweza kuwa dakika ambayo haitarudiwa. Mbadala zinafuata kwenye picha za familia na chakula. Usichanganye mbadala na orijino ndani ya kishikio cha betri mbili, maana moja itaisha kabla ya nyingine. Na unaposasisha programu ya kamera, tumia orijino iliyojaa, wala usisasishe usiku wa kuamkia kazi: sasisho linaweza kuifanya mbadala iliyokubalika jana ikataliwe leo.

Betri ya akiba isikae mfukoni na funguo wala sarafu. Iwe na kifuniko chake cha plastiki, au kipande cha selotepu juu ya vyuma.

Kwenye ndege betri za akiba hupanda nawe ndani, haziingii kwenye begi la mzigo. Hadi Wh 100 kila moja hazihitaji ruhusa ya shirika, na za kamera nyingi ni kama 16, hata ile kubwa ya taa ni kama 45. Kwa hiyo ndugu anayetoka Dubai au Muscat anaweza kukuletea orijino mkononi. Kuagiza kwa posta ndiko kugumu: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na kwenye za mizigo zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Muuzaji anayekuahidi kuzificha ndani ya kifurushi cha nguo anahatarisha watu wasiojua.

Wanaopanda Kilimanjaro wazibebe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi inapunguza chaji ya betri zote, orijino na mbadala, nayo hurudi kiasi ikipashwa.

Ikivimba, ikitoa moshi, ikifa

Iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi, haibonyezwi irudi umbo lake. Ikiwa imekwama ndani ya kamera usichokonoe kwa kisu. Zima kamera, iweke mahali pa wazi, mpelekee fundi. Ikitoka, iweke nje kwenye chungu au sufuria yenye mchanga, mbali na mapazia.

Ikianza kutoa moshi kwenye chaja, zima umeme wa ukutani au swichi kubwa kwanza. Moshi wake ni sumu, kwa hiyo toa watoto na fungua madirisha ukiwa unatoka. Moto wa betri ndogo kama hii unapozwa kwa maji mengi, ukimwaga ukiwa mbali, na uendelee kumwaga hata miali ikizimika kwa sababu seli ya pili inaweza kufuata. Mchanga unazuia moto usisambae lakini haupozi. Ukizidi uwezo wako, ondoka na upige 114 kwa Zimamoto, ukiwa Tanzania.

Zilizokufa usizitupe kwenye taka za nyumbani. Mitaani kwetu taka huchomwa, na betri ndani ya moto hulipuka huku watoto wamesimama karibu. Ziba vyuma vyake kwa selotepu, zikusanye kwenye kopo la bati, na uulize mafundi wa simu au wanunuzi wa taka za kielektroniki mjini kwako kama wanazipokea. Kopo langu lina tatu, liko barazani kwenye kivuli, na ile ya Shaabani ndiyo iliyo juu, bado na stika yake inayong'aa.